Jogoo Ndani ya Nyambizi

Machi 3

Mvua ya kwanza. Imekuja na upepo, imeng'oa bati moja la kibanda changu cha video na kulitupa uani kwa jirani yangu Mwanvua. Amelirudisha mwenyewe, kalibeba kichwani huku anacheka: "Sele, kibanda chako kinanihamia." Leo sikufungua.

Machi 5

Mjomba Elikana ameshuka kutoka mlimani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hata chai hakutaka. Kasema masika haya yasiishe kabla hatujamzika Thadeo.

Thadeo ni mdogo wangu. Masika ya mwaka jana alikwenda Kilosa kwa pikipiki, akajaribu kuvuka mto Mkondoa ukiwa umefura. Pikipiki ilipatikana imenasa kwenye mizizi. Yeye hakupatikana. Kwetu mlimani, mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikwa kwa mgomba. Unakatwa mgomba wa kimo chake, unavishwa sanda, unalazwa kaburini, na pembeni kinawekwa kitu alichokipenda. Bila hivyo, wanasema, anabaki njiani hajui aelekee wapi. Mjomba ni mzee wa kanisa, na alipofika kwenye habari za mgomba alishusha sauti kama vile mchungaji yuko dirishani. "Kanisa litaomba," kasema. "Mgomba tutazika sisi."

Mama hakusema neno. Mama akinyamaza hivyo, ujue kakataa.

"Kwani lazima?" nikauliza mimi.

"Selestina, usinijibu kwa swali. Wewe tafuta kitu alichokipenda."

Machi 6

Nimewaza usiku kucha. Thadeo alipenda kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kuongea juu ya muvi za watu. Alikuwa mtafsiri. Umpe muvi ya Kikorea, ya Kihindi, ya Kirusi, anajifungia chumbani na maiki yake anaongea sauti zote: steringi, adui, bibi wa kijiji, hata mbwa. Madereva wa malori waliolala hapa Mikumi hawakuja kibandani kwangu kutazama picha. Walikuja kumsikiliza Thadeo.

Kila muvi aliifungua kwa maneno yaleyale: "Shikamoo mama Rebeka, shikamoni wakubwa wote, wadogo mambo vipi!" Na Mama, benchi la mbele, anaitikia kwa sauti: "Marahaba, mwanangu!" Hata sasa anaitikia. Wenyeji wamezoea, wageni ndio hugeuka kumtazama.

Basi nimeamua. Nitachagua muvi zake bora, nizitie kwenye flashi, flashi iingie kaburini. Mjomba asiseme sikutafuta.

Machi 9

Ya kwanza ni ya Iran, asinibishie mtu. Mwanamke anabeba mlango mgongoni mji mzima, anatafuta nyumba ambayo mlango ule utaenea. Basi. Hakuna bunduki, hakuna busu, hakuna hata gari linalopinduka. Nilipoiona nilimwambia Thadeo, wewe mtoto utanifukuzia wateja. Loo! Siku ile madereva walilia, mijitu mizima yenye matumbo. Mwishoni anapata nyumba, anauegemeza mlango, anawaambia wenyeji, "Fungeni mlango, baridi inaingia." Thadeo alilisema hilo taratibu, kama mtu aliyechoka anayevua viatu.

Machi 10

Mvua. Umeme hakuna.

Machi 11

Mvua. Umeme ulirudi, ukaniunguzia waya wa spika, ukaondoka. Shwaini.

Machi 14

Ya pili ni ya kauboi. Thadeo alimbatiza askari mkuu wa mji ule Mtendaji wa Kata, na mtendaji wetu wa kweli akaja kulalamika, akakaa mpaka mwisho, kesho yake akarudi na mkewe. Mzee mmoja anasafiri jangwani na farasi mgonjwa kwenda kufia alikozaliwa. Anafika, anakaa chini, anasema neno moja: "Nimefika." Najua watu wanapenda kauboi kwa sababu ya risasi. Mimi naipenda hii kwa sababu ya neno hilo.

Ya tatu ni ya Kihindi. Lazima iwepo ya Kihindi, Mama hatanisamehe. Mtoto anapotea sokoni, anarudi mtu mzima, anamtambua mama yake kwa harufu ya vitunguu mikononi. Kuna nyimbo saba na sita hazina maana. Lakini pale kijana anaposema "Mama" mara moja tu, bila kupiga kelele, hata Mwanvua ambaye hapendi chochote alitoka nje kujifanya anakohoa.

Machi 17

Nimeanza ya Kijapani, nimeizima.

Ni ya fundi miavuli. Mkewe alizama mtoni, na kila mvua ikinyesha anakuja kusimama mlangoni, nywele zinachuruzika. Mume anamuuliza mbona hukurudi siku ile. Naye anajibu, "Maji yalikuwa mengi." Sauti ni ya Thadeo, kaibana kidogo iwe ya kike. Aliyatamka hayo akiwa chumbani kwangu, amekunja miguu kitandani, miaka miwili kabla ya Mkondoa.

Nje mvua ilikuwa inanyesha kwelikweli. Niliogopa kutazama mlango. Sioni haya kuliandika.

Machi 22



Jioni aliingia Hussein, dereva wa njia ya Tunduma, mteja wangu wa siku nyingi. Kawaida yake hupiga kelele tangu barabarani. Leo alikuja kimya, kaninong'oneza: "Dada Sele, mnanificha nini? Thadeo yupo wapi?"

"Hussein, usinichezee."

Akatoa flashi. "Nimeinunua Kilosa juzi. Muvi hii imetoka Januari mwaka huu. Sikiliza mwenyewe."

Niliichomeka watu wakiwa wamejaa, wamekimbia mvua. Ilikuwa ya nyambizi, mabaharia wamekwama chini ya bahari, hewa inawaishia. Mvua ilipiga bati mpaka nusu ya maneno hayasikiki. Lakini mwanzo ulisikika. "Shikamoo mama Rebeka, shikamoni wakubwa wote..."

"Marahaba, mwanangu!" Mama akaitikia kama siku zote. Halafu akasimama. Mama ndiye ameona kila muvi ya Thadeo, na hii hakuwahi kuiona. Akageukia watu, mikono kichwani. "Ni mpya! Jamani, ni mpya! Mwanangu kaniamkia!"

Hakuna aliyecheka. Hussein alimshika mkono akamkalisha. "Si nimekwambia kila siku, mama? Steringi hafi."

Machi 23

Mama kampigia Mjomba Elikana mwenyewe. Nilimsikia: "Mgomba wako uache uzae ndizi."

Machi 25

Nimepiga namba ya Thadeo. Yule mwanamke wa kwenye simu kasema haipatikani. Nimepiga tena jioni. Nimemtukana yule mwanamke.

Machi 27

Mama amefua mashati yake yote. Hayakauki, mvua haiachii, kwa hiyo yametundikwa ndani ya nyumba kwenye kamba, na kila nikipita gizani mikono ya shati inanigusa shingo. Mlango wetu hafungi tena kwa komeo usiku. "Atagonga mpaka lini?" anasema. Tunalala mlango wazi karibu na barabara kuu, na mimi ndiye wa kushtuka kila lori likipunguza mwendo.

Machi 30

Mtu kasema kamuona kule Ruaha kwenye mashamba ya miwa. Nimekwenda. Alikuwa mtu mwingine, ana mabega kama yake tu. Nilimfuata nyuma hatua nyingi kabla hajageuka, na hizo hatua zilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Aprili 2

Leo nimemkasirikia. Kama yu hai, yuko wapi? Anatuacha tukilia mwaka mzima, mama anakonda, yeye anakaa mahali anatafsiri nyambizi? Mwaka mzima nilimwona malaika. Sasa nakumbuka alivyokuwa mvivu wa kuchota maji, alivyokuwa anakopa bila kulipa. Thadeo, kama u hai, rudi nikuue mwenyewe.

Nikishamaliza kusema hivyo nakwenda kutazama kama mlango uko wazi.

Aprili 6

Leo hakukunyesha. Mchana Mama alikwenda kanisani kushukuru, kibanda kitupu, nikasema niitazame tena ile nyambizi nikiwa peke yangu, nisikie kila neno.

Nahodha anamfariji baharia kijana anayelia. Anasema, "Tulia. Nipo hapa." Na kati ya "tulia" na "nipo hapa," jogoo akawika.

Nilicheka. Chini ya bahari, jogoo! Kisha nikairudisha nyuma.

Jogoo yule namfahamu. Alikuwa wa Mwanvua, alikuwa na sauti iliyopasuka, akianza vizuri anamalizia kama bawaba kavu. Aliharibu kazi za Thadeo mpaka tukagombana na Mwanvua karibu tusizikane. Alichinjwa sikukuu ya Idi, mwaka juzi. Nilikula paja lake.

Nikaweka ile ya fundi miavuli. Pale mume anapomwendea mkewe mlangoni: "Tulia." Jogoo. "Nipo hapa."

Nikairudia nyambizi toka mwanzo, na sasa nikawa nasikia. Maamkizi yametoka kwenye muvi ya Kichina, ile ya mpishi kipofu, maana nyuma yake kuna kijiko kinaanguka. Amri ya nahodha ni ya Mtendaji wa Kata. Baharia anayekufa analia kilio cha bibi harusi wa Kihindi. Kila sentensi ina kwao. Mtu amekata sauti ya mdogo wangu vipande vipande akaishonea picha nyingine. Madereva wasingejua, wao wanasikia muvi wanasahau. Mama anajua sauti, hajali maneno. Ni mimi tu niliyezipenda kiasi hicho. Kama ningekuwa mtu wa kutazama muvi hivihivi tu, leo ningekuwa bado na mdogo.

Aprili 8

Kilosa. Basi limekwama mara mbili kwenye tope, la pili karibu na Kilangali, tumeshuka tukasukuma.

Optatus ana duka la kuingizia watu muvi kwenye flashi, si mbali na stesheni. Ndiye aliyekuwa akiuza kazi za Thadeo, na ndiko Thadeo alikokuwa anakwenda siku ile. Aliponiona aliinuka. "Shikamoo, dada Sele."

Sikuitikia. Sijawahi kumnyima mtu marahaba maishani mwangu. Alibaki kasimama, shikamoo yake inaning'inia, uso ukambadilika.

"Nyambizi," nikasema.

Hakukana. Angekana ningempiga kwa kiti kilichokuwa pale. Alisema watu walikuja kila siku kuuliza Thadeo katoa nini kipya, na watafsiri wengine hawakuwataka. Siku moja akajaribu kuunganisha sentensi mbili kwenye kompyuta, aone tu. Zikakaa.

"Dada, nilimwita mimi aje siku ile," akasema. "Nilimwambia leta kazi leo, wateja wanasubiri. Nikikaa namkata na kumuunganisha hivi, naona kama yupo hapo tunafanya kazi."

"Na maamkizi ya mama? Ulilazimika kumwamkia mama yangu?"

"Muvi ya Thadeo bila kumwamkia mama si ya Thadeo." Akaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya wateja wawili waliotaka nyimbo za singeli.

Nilikwenda kumtukana. Nilimtukana, tena sana. Kisha nikajikuta nimekaa kwenye kile kiti nilichotaka kumpigia.

Aprili 9

Nimemwambia Mama. Nilimwekea fundi miavuli, nikamwekea nyambizi, jogoo na jogoo. Nikamweleza polepole kama anavyoelezwa mgonjwa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kwa hiyo huyo Optatus anaweza kumfanya aseme lolote?"

"Lolote alilowahi kusema, Mama."

"Elikana kaniambia Thadeo amekufa. Wewe umeniambia. Polisi waliniambia, mchungaji kaniambia. Wote mlikuwa hamko pale mtoni. Aliyekuwa pale ni yeye." Akapangusa macho kwa kanga. "Aniambie mwenyewe. Akiniambia, nitazika."

"Mama, itakuwa ya kuunganisha. Si nimekuonyesha?"

"Nimeona, Sele, mimi si kipofu. Mbona nguo ya viraka inasitiri? Wewe ndiye unayeyajua maneno yake yote. Nenda kanitafutie."

Aprili 12

Kilosa tena. Nimelala kwa shangazi yake Optatus siku tatu hizi, mchana kutwa tuko kwenye kompyuta.

Kazi hii ina uchawi wake, Mungu anisamehe. Nasema nataka "Mama", Optatus anaanza kutoa: "Mama" wa muvi ya Kinaijeria, kali mno, huyo anamgombeza mama mkwe. "Mama" wa sizoni ya Kikorea, huyo anataka fedha. Nikasema tuache, nenda ile ya Kihindi, harufu ya vitunguu. Hapo hatukutafuta tena.

Nilifikiri itakuwa ndefu. Nilitaka aombe msamaha, aseme hakuumia, aseme anamwona Yesu. Optatus alisema, "Dada, Thadeo hakuwahi kusema hivyo mahali popote. Tukiyaunda silabi kwa silabi atakuwa mtu mwingine." Ni kweli. Nimechukua sentensi zilizokuwa nzima tu, zile nilizozipenda. Tuliposikiliza mara ya mwisho hazikusikika kama viraka. Zilisikika kama alikuwa amezipanga hivyo siku nyingi, akazificha moja moja kwenye nchi za watu.

Leo Optatus aliponiamkia, niliitikia.

Aprili 13

Tumefunga kibanda. Tulikuwa mimi, Mama, Mwanvua na Mjomba Elikana, aliyeitwa ashuhudie. Picha haikuwepo, kioo cheusi tu. Mama alikaa benchi lake la mbele, kavaa gauni la kanisani.

Nikabonyeza.

"Mama," akasema Thadeo.

Mama hakuitikia. Alishika magoti.

"Maji yalikuwa mengi."

Mwanvua akaziba mdomo.

"Nimefika."

Kimya kidogo, nilikiacha makusudi.

"Fungeni mlango."

Nje hapakuwa na mvua wala lori. Mama akatazama kile kioo cheusi muda mrefu. Mjomba Elikana, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akilia, alivua kofia akajifunika nayo uso.

"Haya," akasema Mama. "Nimesikia, baba. Nimesikia." Kisha akainuka, akamwambia kaka yake: "Elikana, kimo chake unakikumbuka? Usije ukakata mfupi."

Usiku, komeo la mlango alilisukuma mwenyewe.

Aprili 19

Tumemzika mlimani. Mvua ilitusubiri. Mgomba ulikuwa mzito ajabu, wanaume wanne waliupokezana, na mmoja akasema kwa sauti, "Taratibu, jamani, mtamuumiza," na hakuna aliyemsahihisha. Flashi niliitia mimi kwenye sanda: mlango, farasi, vitunguu, miavuli, mpishi kipofu. Optatus alikuja, akasimama mbali. Mama alimwita akampa jembe arushie udongo kama ndugu.

Mama kalala njiani kote tuliporudi, kichwa begani kwangu, anakoroma.

Aprili 24

Mvua asubuhi. Mama kala vizuri.

Mei 4

Mama amepona, na mimi ndiye nimeugua.

Kilichoniuma ni hiki. Mama ameagwa, mimi sijaagwa. Nikasema basi na mimi nitatafuta changu, hata jina tu. Thadeo aliwabatiza watu wa sinema majina ya watu wa Mikumi. Kuna jambazi wa Hong Kong anaitwa Hussein. Kuna malkia wa Ulaya anaitwa Mwanvua, tena mchoyo. Kuna punda anaitwa Mjomba Elikana. Kwa wiki mbili nimesikiliza zote, za vita, za mapenzi, za mashetani, za mahakamani, hata katuni. Selestina hakuna. Sele hakuna. "Dada" wako mamia, na wote ni dada za watu.

Nililia kwa hasira. Nilimpa chumba, nikamlisha, nikawafukuza kuku na wadai dirishani mwake ili anene, na punda kapata jina!

Leo mchana ilibaki moja. Sijawahi kuiandika humu kwa sababu ni takataka, ya mamba anayeruka angani. Sikuwahi kuimaliza. Siku anaitafsiri nilisikia dakika tano, nikamwambia huu ni upuuzi, nikaenda zangu jikoni.

Katikati ya muvi mamba anashuka juu ya soko, watu wanakimbia, Thadeo anapiga mayowe ya soko zima peke yake. Chini ya mayowe mlango unafunguliwa. Kandambili zinaburuzika, naujua mwendo ule, ni wangu. Kikombe kinagusa meza. Thadeo anaacha kupiga mayowe, maiki haikuzimwa, na kwa sauti ambayo si ya nahodha wala ya kauboi wala ya maiti wa Kijapani, sauti yake ya nyumbani, anasema: "Asante, dada. Weka hapo."

Kisha mamba akaendelea kula watu.

Nimeirudisha nyuma, nikaisikiliza tena. Nikasimamisha picha, mamba katanua mdomo juu ya paa za watu, nikamjibu kama nilivyokuwa namjibu siku zote.

"Kunywa basi, itapoa."